BoJack Horseman: episodi mbili za mwisho zinanigombanisha na wenzangu, njooni mtuamue

Mhariri wa Harusi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa waliomaliza BoJack Horseman mpaka mwisho. Kama uko msimu wa 3 na bado unamcheka Todd, yule kijana wa kochini, funga ukurasa ukaendelee kucheka, utarudi mwenyewe. Namwaga kila kitu, na asije mtu baadaye kunilaumu kwamba nimemharibia.

Kwa mliopita njia tu: ni katuni ya watu wazima ya Netflix, ilianza Agosti 2014 ikaisha tarehe 31 Januari 2020. Mtunzi ni Raphael Bob-Waksberg, na aliyeipa sura yake ni mchoraji Lisa Hanawalt, rafiki yake wa tangu sekondari. Mhusika mkuu ni farasi aliyekuwa nyota wa televisheni miaka ya 90. Sasa ni mlevi anayeishi mlimani Los Angeles kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea. Hilo bwawa mlishike. Kila wimbo wa ufunguzi ulipopigwa, tulimwona anaanguka kinyumenyume humo humo. Miaka yote hiyo tumeonyeshwa mwisho wake mchana kweupe, na sisi tunabonyeza kitufe cha kuruka utangulizi.

Sasa mgogoro. Ofisini tuko watatu tulioiangalia (tunahariri video za harusi na kipaimara, mshahara usiulize). Wenzangu wawili wanashikilia kwamba hadithi iliisha episodi ya 15 ya msimu wa 6, ndani ya maji. Ya 16 kwao ni sawa na MC anayewarudisha watu ukumbini wakati magari yameshawashwa. Mimi nasema ya 15 ndiyo nzuri kuliko zote, lakini ukiitoa ya 16, ile ya 15 inageuka zawadi kwa mtu asiyestahili zawadi. Ngoja nijieleze.

Rudini kidogo nyuma. BoJack ameshaanikwa na waandishi wa habari. Usiku Sarah Lynn alipozidiwa na heroini (tena heroini iliyobatizwa jina la BoJack, utani mchungu kuliko yote waliyowahi kutunga), yeye alisubiri dakika 17 ndipo akapiga simu ya msaada, ili apate muda wa kutunga uongo wa kujitoa. Sarah Lynn alikuwa mtoto wake wa kuigiza kwenye ile tamthilia ya zamani. Alimwona akikua.

Kisha episodi ya 14 anakutana na Angela, bosi wa televisheni aliyemtisha miaka ya 90 mpaka akanyamaza rafiki yake Herb akifukuzwa kazi. Angela sasa ni mzee, ametulia, na anamwambia bila hata kupandisha sauti kwamba vile vitisho vilikuwa hewa tupu. Angekataa, kisingempata kitu. Hebu fikiria: usaliti uliojitetea nao maisha yako yote, "sikuwa na namna", kumbe namna ilikuwepo. BoJack anasaini karatasi, anachukua hela, anaenda kuvunja mlango wa nyumba iliyokuwa yake zamani. Pombe, vidonge. Na bwawa liko pale nje linamsubiri tangu 2014.

Ndipo inakuja ya 15, *The View from Halfway Down*, iliyoandikwa na Alison Tafel na kuongozwa na Amy Winfrey. Jina lake sijui nilitafsirije bila kuliua. Ni kile anachokiona mtu aliyekwisha kujirusha, akiwa nusu ya njia kwenda chini.

Sisi hitima tunaijua. Walio hai wanakula kwa ajili ya aliyekufa. Hapa ni kinyume. Wafu wameandaa chakula, wameketi mezani, na mgeni ni mmoja anayehema, naye hajui kwamba anahemea maji. Mama yake yupo, Herb yupo, mjomba Crackerjack aliyekufa vitani yupo, na Sarah Lynn yupo. Ukimkazia macho Sarah Lynn utaona kitu: anaingia akiwa mtoto mdogo, na kila tukigeuka amekua, mpaka anafikia umri aliofia. Hakuna mhusika hata mmoja anayelitaja hilo. Mimi niliona mara ya pili nilipoiangalia, nikasimamisha, nikatoka nje kidogo.

Sahani nazo zinasema. Ya Herb imejaa karanga, na karanga ndizo zilizomuua. Mama anapewa chakula cha hospitali, mjomba chakula cha jeshini. Sahani ya BoJack ina vidonge, na cha kunywa ni maji ya bwawa. Aliyewahi kunywa maji yaliyozidishiwa WaterGuard anaijua ile ladha inavyokaa kooni. Mezani wanabishana mambo makubwa, nani alikufa kwa ajili ya nini, kujitoa mhanga kuna maana gani, na huku juu dari linavuja kitu cheusi kama lami. Wote wanakaa kama hawakioni.

Baba yake anakuja akiwa na umbo la Secretariat, yule mwanariadha ambaye BoJack alimwabudu utotoni. Baba na shujaa wamegandana mwili mmoja, kwa sababu kichwani mwa mtoto mpweke walikuwa kitu kimoja siku zote. Huyo ndiye anayepanda jukwaani kusoma shairi. Secretariat wa humu alijirusha darajani, na shairi linaanza kwa majivuno, mwendo wa mtu aliyeridhika na uamuzi wake. Halafu vina vinaanza kukimbizana. Msomaji anapata hofu katikati ya beti zake mwenyewe, anageuka anautazama ule mlango mweusi nyuma yake, anataka kurudi, na shairi haliruhusu, kwa sababu shairi likishaanza lazima lifike kituo. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya tenzi, babu alikuwa anatughania mpaka tunasinzia, na sijawahi kuona umbo la shairi likitumika kama mtego namna ile. Kina cha mwisho kinafungwa, naye anaingia mlangoni.

Mmoja mmoja anafanya onyesho lake na kuingia kwenye giza. BoJack anamuuliza Herb kuhusu ng'ambo ya pili, na Herb anamjibu kwa upole wa kutisha kwamba hakuna ng'ambo, ni hapa tu. Kisha BoJack anampigia simu rafiki yake Diane. Tunapumua. Diane anamwambia yeye hawezi kufanya kitu, yuko Chicago, na hiyo simu hakuipokea. Ile sauti anajitungia mwenyewe. Basi, kama huna wa kukuokoa unafanyaje? Anamuuliza siku yake ilikwendaje.

Majina yanapita na badala ya wimbo kuna mashine ya moyo.

Nakubali, ukiishia hapo umetengeneza kitu kamili. Lakini tazama umemfanyia nini BoJack. Umemlaza. Wafu aliowaumiza wamekuja kumwandalia chakula, hata mama yake amecheza, kisha pazia. Penny, binti wa rafiki yake wa zamani, hajaja, kwa sababu Penny yu hai. Gina, mwigizaji mwenzake aliyekabwa koo naye mbele ya kamera, hajaja. Hollyhock, mdogo wake, hajaja. Kifo kilichagua wageni ambao hawawezi tena kumdai.

Ya 16 inawaleta wanaodai. Nimechoka kuandika, nakuja na hiyo jioni. Anzeni.

Kaka Mkubwa

Yaani watu wazima mmekaa mnalilia farasi wa katuni. Nchi hii imefika mahali.

Jamaa wa Umoja

@Kaka Mkubwa na wewe umesoma yote hadi chini ndio uandike hivyo? Umepitisha muda wako vizuri.

@Mhariri, heshima kwako, umeandika fiti, lakini mimi niko upande wa wenzako na nitaenda mbali kuwaliko. Huyo jamaa alikufa. Ya 16 ni ndoto ya ubongo unaozimika. Angalia vile kila mtu anakuja kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, wanaongea naye maneno mazuri, halafu nyota. Nani hupewa kwaheri nne zimepangwa hivyo kwa maisha ya kawaida? Enyewe hata mimi harusini sijawahi kuongea na watu wanne bila kukatizwa na mtu wa picha.

Mhariri wa Harusi

@Jamaa wa Umoja hapo kwa mtu wa picha umenigusa mimi mwenyewe.

Nadharia yako naijua, na ina shida moja kubwa: ndoto huwa inampendelea mwotaji. Ile ya 15 ni ndoto kweli, na ndiyo maana yeye yuko katikati ya kila kitu, meza nzima inamwongelea yeye. Ya 16 ni harusi ya mtu mwingine, na watu wana shughuli zao. Princess Carolyn, meneja wa BoJack wa tangu zamani, anaolewa na Judah, ukumbi umejaa watu wa biashara, na BoJack katoka jela kwa ruhusa ya siku chache. Amefungwa miezi 14 kwa kuvunja na kuingia nyumba ya watu, ingawa yeye mwenyewe anakiri kwamba anaona ni adhabu ya mambo yote kwa jumla. Halafu ile bodi ya Hollywood kule mlimani. Herufi D ilishaibiwa zamani, mji ukabaki Hollywoo, na leo wameleta mpya, kumbe ni B. Hollywoob! Ubongo unaokufa hauna muda wa kutunga kosa la kijinga vile, hiyo ni dunia halisi na mafundi wake.

Na maneno mazuri umeyaona wapi? Anacheza na Princess Carolyn, anajipendekeza kwa mbali, akirudi kwenye fani je, atamsimamia tena? Princess Carolyn anamjibu kwamba anaweza kumpendekezea watu wazuri sana wa kazi hiyo. Miaka ishirini na zaidi ya kuzoa takataka za huyu farasi, saa tatu usiku akiwa kwenye simu, na mlango unafungwa kwa adabu hivyo, huku muziki unaendelea. Ndoto gani hiyo?

Bi Shuwena

Assalaam alaykum. Mie ni msomaji wa nyuzi tu, aghalabu siandiki, lakini huu umenitoa.

Mmezungumza bwawa na harusi, khalafu barua mmeiruka. Barua ya Hollyhock, mdogo wake. Inakuja kabla ya hayo yote. Anajaribu kumpigia binti, namba imebadilishwa. Kisha barua inafika, anaisoma, uso unabadilika, na sisi watazamaji hatuoneshwi hata mstari mmoja. Na mpaka mwisho wa hadithi binti harejei. Hapana salamu, hapana kuulizwa kwenye harusi.

Mtoto wa ami yangu alikaa soba, nyumba ya kuachia ulevi, mara tatu. Mara ya tatu ndiyo iliyoshika, alhamdulillahi, leo ana duka lake. Lakini dada yake mmoja mpaka leo hazungumzi naye. Watu wazima wa familia wamekwenda kumsihi, ameshapoa, mtu kabadilika, msamehe. Dada anawaambia, mimi sina ugomvi naye, ila nyumbani kwangu asije. Nilikuwa namwona ana roho ngumu. Nilipoona ile barua isiyosomwa nikamfahamu. Kilichomo ndani si chetu. Waandishi wangetuonesha, tungekaa kupima kama binti ana haki au hana, kama vile wazee wetu walivyokaa kumpima yule dada.

Kwa hivyo mwanangu Mhariri, mie nakuunga mkono, ila hoja yako ingeanzia kwenye barua.

Mhariri wa Harusi

Wa alaykum salaam Bi Shuwena, shikamoo. Nimekaa na komenti yako dakika kumi. Ni kweli nimeiruka, na nadhani niliiruka kwa sababu hainifai kwenye ubishi wangu. Nilitaka kusema ya 16 inawaleta wadai wote. Kumbe mdai mkubwa kuliko wote hakuja popote, wala kwa wafu wala kwa walio hai.

Kasuku Mweusi

Marahaba kwa niaba yake 😂

Mimi nina neno kuhusu Todd. Kila mtu anakimbilia paa, pale BoJack na Diane wanapokaa mwisho kabisa, hakuna anayeongelea Todd na fataki ufukweni. BoJack ana hofu, anamwambia itakuwaje akirudi kuharibu tena. Todd anaanza kumchambulia ule wimbo wa watoto wa Kizungu, wa kuingiza mkono na kuutoa, kuingiza mguu na kuutoa, mwisho unajizungusha. Yaani falsafa nzima ya kubadilika inatoka kwenye mchezo wa chekechea, kwa kijana aliyelala kwenye kochi la mwenzie misimu mitatu. Na hapo hapo anamtoa BoJack kwenye watu wa fani waliokuwa wanaanza kumzonga. Nililia nikicheka. Hiyo ndiyo kazi ya Todd tangu mwanzo, na Aaron Paul aliifanya kwa sauti ile ile ya kizembe mpaka dakika ya mwisho.

Dada Kalamu

Jamani, na Diane je? Nyie wanaume mnamwangalia Diane kama mtu wa kukaa juu ya paa na BoJack tu.

Kwangu msimu huu ni wa Diane, na kilele chake kiko episodi ya 10, *Good Damage*. Anajaribu kuandika kitabu cha maisha yake na hakitoki. Kichwa chake kinachorwa kwa michoro ya penseli ya haraka haraka, mistari inayotetemeka, watu hawana sura kamili, kila wazo linafutwa kabla halijakaa. Mimi naandika, si sana, hadithi za watoto. Sijawahi kuona kuandika kukichorwa kwa ukweli hivyo. Kila akijaribu kuandika machungu yake, mkononi inatoka hadithi ya binti mpelelezi kwenye eneo la vyakula la duka kubwa, nyepesi, ya kuchekesha, na yeye anaichukia. Anaogopa kwamba asipoyageuza maumivu yake kuwa kitabu kikubwa, basi aliumia bure.

Na anaanza dawa za sonona, ananenepa, anabaki mnene mpaka mwisho, na hakuna anayelitolea hotuba. Nyinyi mnajua ni katuni ngapi zimemnenepesha mwanamke bila ya yeye kuwa kichekesho?

Sasa ukija paani na hayo kichwani, mambo yanabadilika. Diane ndiye aliyekutwa na ule ujumbe wa simu. BoJack kabla ya kuingia majini alimpigia, akamwachia maneno kwenye simu. Mwanamke yuko Chicago usingizini, anaamka, anasikiliza, hana la kufanya. Kwa muda fulani aliamini mtu amekufa, na kwamba yeye ndiye angeweza kuzuia. Huo ni mzigo BoJack alimtupia mtu aliyejinasua kwake kwa shida. Ile simu ya episodi ya 15 mnayoipenda, "siku yako ilikwendaje", nzuri kabisa, lakini upande wa pili wa simu hiyo hiyo kulikuwa na mtu halisi. Ya 16 ndiyo inayoupiga picha upande wa pili.

Kwa hiyo ukiishia 15, umemnyima Diane haki ya kukasirika.

Jamaa wa Umoja

Aisee. Hiyo ya upande wa pili wa simu sikuwa nimeiona hivyo.

Bado alikufa lakini.

Mkaazi wa Houston

Nimekuja kusema tu kwamba Diane kahamia Houston na mumewe, na ninyi nyote mmepita hapo kimya kimya. Huku tunajivunia. Joto ni la Dar es Salaam, mbu ni wa Dar es Salaam, Waswahili tumejaa, ila foleni afadhali kidogo. Atazoea.

Kuna jambo moja zito nataka kuliongeza. Diane Nguyen ni Mmarekani mwenye asili ya Vietnam, na sauti yake ilifanywa na Alison Brie, ambaye ni mzungu. Mwaka 2020, miezi michache baada ya mwisho, mwenyewe aliandika kuomba radhi, kwamba hakupaswa kuichukua ile nafasi, na Bob-Waksberg naye amelizungumzia mara kadhaa kama kosa lao. Nalisema kwa sababu hadithi nzima ya msimu wa 6 inahusu kulipa ulichokiharibu, na waliotengeneza wenyewe walikuwa na deni. Sauti aliifanya vizuri, hilo halinisumbui kulikubali, lakini deni liko pale pale.

Dada Kalamu

@Mkaazi wa Houston asante. Na ilionekana hata kwenye maandishi, misimu ya kwanza Diane angeweza kuwa mtu wa kabila lolote. Uvietnam wake walianza kuuandika kwa makini wakiwa wameshachelewa.

Kaka Mkubwa

Swali la kweli, sio utani. Kwani huyo farasi si anafungwa tu miezi 14? Msichana amekufa mikononi mwake. Mbona mnaongea kama amelipa?

Mhariri wa Harusi

@Kaka Mkubwa umeangalia?!

Kaka Mkubwa

Nimeanza jana usiku. Shemeji yako amelala, mimi niko na simu. Nimeruka ruka.

Bi Shuwena

Kijana usiruke, utaharibu.

Mhariri wa Harusi

Jibu langu ni kwamba hajalipa, na waandishi wanajua hajalipa. Kosa alilofungiwa ni dogo kuliko yote aliyowahi kufanya, kuvunja mlango wa nyumba. Lile la dakika 17 halina hakimu. Na tena wamemwekea mtego mwingine ambao watu hawausemi: filamu ya kipuuzi aliyoigiza kabla hajaanguka inaanza kupata sifa, watu wa fani wanamnusa nusa pale harusini. Yaani mji uko tayari kumsamehe kwa sababu ya hela, haraka kuliko anavyostahili. Hapo ndipo ninaposema ya 16 ni ngumu. Kifo kingetuondolea swali lako, Kaka. Wamekataa kutuondolea.

Sasa paa, mwisho wa ile ya 16 niliyoahidi.

Wamekaa wawili, BoJack na Diane, muziki wa harusi uko chini. Wanazungumza. BoJack anatupa ule msemo wa walevi kwamba maisha ni mateso halafu unakufa, na Diane anamjibu kwamba mara nyingine ni mateso halafu unaendelea kuishi. Wengi huishika hiyo, wanaiweka kwenye picha zao za mitandaoni. Mimi siyo iliyonipata. Iliyonipata ni baada ya hapo. Diane ameshamweleza, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba huenda wasizungumze tena. BoJack anasema ni usiku mzuri. Diane anakubali. Basi. Wanakaa. Wimbo wa Catherine Feeny, *Mr. Blue*, unaingia, nao bado wamekaa. Huyu anamtupia jicho mwenzie, anaangalia mbele. Yule anafungua mdomo kama atasema, anaacha.

Kazi yangu mimi ni kukata ukimya. Mteja analipia saa mbili za harusi, na harusi ya kweli ni saa nane, kwa hiyo chochote ambacho si keki, si zawadi, si mama anayelia, kinakwenda pipani. Nina kompyuta imejaa vipande vya watu waliokaa. Bwana harusi na kaka yake wamekaa nje ya ukumbi kwenye viti vya plastiki, hawasemi. Shangazi ameshika viatu mkononi. Vyote nimekata. Na hawa jamaa, baada ya episodi 77 ukihesabu na ile ya Krismasi, wamechukua dakika zao za mwisho kabisa wakawapa watu wawili wasiojua waagane vipi.

Ndiyo maana siwezi kuimeza nadharia ya ndoto, @Jamaa wa Umoja. Mtu anayekufa angejiandikia maneno.

Kasuku Mweusi

Mkuu hapo umeua.

Dondoo la pembeni: ya 15 ndiyo iliyoteuliwa kugombea Emmy 2020, ikapigwa na Rick and Morty. Mwaka mmoja kabla, ile ya msiba, ambayo BoJack anaongea peke yake karibu mwanzo mwisho, nayo iliteuliwa ikakosa, wakachukua The Simpsons. Kwa hiyo wenzako ofisini wana kamati upande wao, ingawa kamati yenyewe haikuwapa tuzo.

Jamaa wa Umoja

Hebu niulize kitu kingine basi. Kama ni kweli yu hai, wangepewa msimu mwingine ungeenda aje? Netflix ndio walisema ya 6 iwe ya mwisho, sio mtunzi. Yeye alisema angeweza kuendelea kidogo. Labda huu mwisho wa paa ni kwa sababu muda uliisha, na sisi tunaupakia maana.

Dada Kalamu

Waliambiwa mapema, wakapata nafasi ya kuandika wakijua. Msimu ukawa na episodi 16 badala ya 12 za kawaida, wakaugawa mara mbili, nane Oktoba 2019 na nane Januari. Huwezi kuita hiyo kukatwa kauli. Na kama hadithi haiwezi kuisha kwa sababu tajiri kasema iishe, basi hakuna tamthilia iliyowahi kuisha duniani.

Ila nakubali jambo moja: Mr. Peanutbutter, yule mbwa, wamemuonea. Misimu sita ya kutangatanga na ndoa tatu zilizovunjika, mwisho anapewa safari ya gari na herufi B. Nilitaka zaidi.

Bi Shuwena

Huyo mbwa alikuwa ananichekesha sana. Na mie nilitaka zaidi.

Pilau la Ofisini

Mimi ni mmoja wa hao "wenzangu wawili" wanaotukanwa humu. Nimesoma yote. Sijabadili msimamo, hadithi iliishia majini, na jumatatu tutaendelea.

@Mhariri, ile video ya Jumamosi uliyotuma kwa mteja, mwishoni umeacha bwana harusi na babake wamekaa kwenye ngazi, hakuna muziki, hakuna maneno, karibu dakika nzima. Mteja kapiga simu anauliza kama faili limeganda.

Mhariri wa Harusi

Mwambie halijaganda.